Mwongozo kamili: Jinsi ya kufunga makubaliano ya utalii kati ya kijiji, hoteli na kaunti hapa Lamu, yakadumu

Nimeombwa mara nyingi nisome makubaliano yaliyokwisha kufa. Vijiji ni tofauti lakini kisa ni kimoja. Kikundi kiliandika barua ndefu kwa kaunti, ukafanyika mkutano chini ya hema, picha zikapigwa, hoteli ikaahidi wageni. Kaskazi moja ikapita. Kilichobaki ni kibao kilichopauka na choo chenye kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani uliko.

Watu wale hawakuwa wavivu. Walianzia mwisho: walikimbilia saini kabla ya kuwa na kitu cha kutilia saini. Mwongozo huu unageuza mpangilio. Kijiji kwanza, kisha majaribio, kisha hoteli, na serikali mwisho, tena kwa ombi dogo lenye bei. Nimeuandikia vikundi vya visiwani na bara ya Lamu, lakini wa Malindi na Watamu pia wanaweza kuufuata.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, katiba ya kikundi, na daftari la kumbukumbu za mikutano.
- Akaunti ya benki yenye watia saini watatu, mmoja wao mwanamke, na namba ya malipo ya M-Pesa ya kikundi. Simu ya mwenyekiti si akaunti.
- Chombo kimoja kilichokaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, nahodha mwenye kibali, na jaketi ya kuokolea kwa kila atakayepanda, mabaharia wakiwemo.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka mzima.
- Kitabu cha risiti chenye nakala.
- Kanga na vikoi sita safi, vikae chomboni.
- Muda wa mwaka mmoja. Bajeti ya kaunti ina mzunguko wake, na haiharakishwi.

Hatua ya 1: Amueni mnauza nini, na nini hakiuzwi

Mkutano huu uwe wa kijiji peke yake. Hoteli isiwepo, afisa asiwepo. Waje wazee, mabaharia, wavuvi, kina mama wasukaji, vijana, na imamu. Sababu ni nyepesi: mgeni akishafika, si kamati itakayompokea. Ni kijiji kizima, pamoja na yule aliyekaa barazani ambaye hakuulizwa.

Vikundi vingi hudhani havina cha kumwonyesha mgeni kwa sababu havina gofu wala ngome. Chukua mikoko tu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na mzee aliyeikata miaka thelathini hahitaji kitabu kuieleza. Atakutengea mkoko, mchu, mkandaa, muia na mlilana kwa kutazama mizizi. Halafu atakupangia miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ataeleza kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Amu, yaani mji wa Lamu, ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti moja. Mgeni akiyasikia hayo kutoka kwa mkataji mwenyewe, akirudi mjini akainua macho kwenye dari, ameiona Lamu. Hiyo ndiyo bidhaa yenu, na hoteli haiwezi kuinunua mahali pengine.

Kisha andikeni visivyouzwa. Msikiti wakati wa sala. Makaburi. Ndani ya nyumba bila mwaliko. Picha za watoto.

Nieleze niliyoyaona katika kijiji cha Matondoni. Bibi mmoja alikuwa barazani akisuka ukili, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama. Mgeni akapiga goti mbele yake na kamera. Bibi hakusema neno. Alivuta buibui usoni na mikono ikasimama. Mwongozaji alikuwa ametangulia hatua kumi mbele, anaeleza habari za majahazi. Nilirudi jioni kumwamkia, nikamuuliza kama tuandike kwamba picha ni marufuku. Akaniambia, "La, mwanangu. Aniamkie kwanza. Akishaniamkia, mikono nitampa aipige picha, na mkeka nitamuuzia."

Tukaandika hivyo hivyo: salamu kwanza, ruhusa pili, kamera tatu. Kanuni hiyo imezuia ugomvi mwingi kuliko kibao chochote.

*Dalili kwamba mmefaulu:* mna karatasi moja yenye orodha mbili, na mtu yeyote mtakayemkuta njiani anaweza kukutajia angalau vitu viwili katika kila orodha.

Hatua ya 2: Jueni mlango wa kila ruhusa

Hapa ndipo barua nyingi hupotea. Kikundi kinaiomba kaunti ruhusa ya kujenga njia ya mbao ndani ya mikoko, miezi sita inapita, jibu halirudi. Halirudi kwa sababu si kaunti yenye ruhusa hiyo.

Mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na leo iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Mlango wake ni chama cha jamii cha misitu, CFA, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2016: chama kinaandaa mpango wa usimamizi pamoja na Huduma, kisha kinatiliana nayo saini. Kama CFA ya eneo lenu ipo, ingieni. Msianzishe nyingine ya kushindana nayo.

Magofu na ngome, kama Takwa na Siyu, ni ya Makavazi ya Kitaifa. Bandari ya wavuvi ina kamati yake ya usimamizi wa ufuo, BMU, na hao ni jirani zenu, waendeeni kwa miguu kabla ya barua. Safari ikiingia hifadhi ya bahari ya Kiunga, mlango ni Huduma ya Wanyamapori. Waongozaji na kampuni za utalii huandikishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Ujenzi wowote ufukweni unapita NEMA, mamlaka ya mazingira.

Kaunti ina nini basi? Ina kikubwa. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti utalii wa ndani ya eneo lake, leseni za biashara na vyama vya ushirika, huku sera ya utalii ikibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo jeti ndogo, yaani gati ya vyombo, choo, vibao, taka, mafunzo na tangazo la kaunti viombeni kaunti. Mikoko na magofu msiiombe.

Onyo: msisimamishe hata nguzo moja kabla ya kujua ardhi ni ya nani kwa maandishi. Lamu inaujua uchungu wa ardhi. Neno la mzee kwamba "hapa ni petu tangu zamani" linaweza kuwa kweli tupu, na bado likashindwa mbele ya hati ya mtu mwingine.

*Dalili ya kufaulu:* mna jedwali la safu tatu, yaani jambo, ofisi, na jina la cheo cha mwenye kutia saini.

Hatua ya 3: Fanyeni safari tatu za majaribio, kwa saa ya maji

Safari ya kwanza wapakieni watu wenu. Ya pili, walimu au wageni wa Kenya watakaolipa nusu. Ya tatu, wageni wa kulipa kamili. Baada ya kila safari kaeni siku hiyo hiyo, kabla ya kumbukumbu kupoa, muandike kilichokwama.

Kitakachokwama kwanza ni muda. Hoteli huishi kwa saa ya ukutani, na bahari ina saa yake. Maji kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Pigeni hesabu ya wiki moja: siku saba mara dakika 50 ni karibu saa sita. Maana yake, kama Jumatano hii maji yamejaa saa tatu asubuhi, Jumatano ijayo saa ile ile maji yamekupwa. Tangazo la "kila Jumatano saa tatu" haliwezekani, na bado nimeliona limechapishwa kwa rangi.

Mimi mwenyewe nililikubali mara moja. Tulikuwa tunatoka Siyu na wageni wanne, na hoteli ilitaka wawe mezani kabla ya magharibi. Nahodha alinitazama, akatazama maji, akasema, "Bwana, Mkanda hautatupitisha." Nikamwambia tujaribu. Katikati ya mlango ule mwembamba kati ya Manda na bara, pondo, mti wa kusukumia chombo, likaanza kuchota tope. Dakika chache baadaye chombo kilikaa. Tulisubiri maji yarudi mpaka usiku umeingia, mbu wa mikoko wanatula, maji ya kunywa yamebaki chupa moja. Mama mmoja katika wale wageni alilia kimya kimya. Hakuumia mtu, lakini hoteli ile haikutuletea wageni tena, na lawama ilikuwa yangu, si ya nahodha.

Kwa hiyo wekeni kanuni hizi tangu safari ya kwanza:

1. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kuondoka na kurudi. Si mwongozaji, si meneja, si mwenyekiti.
2. Ratiba hutolewa mwezi mzima mbele kutoka jedwali la maji, kila siku na saa yake. Takwa na Mkanda ni za maji kujaa, na siku ambazo hazifai ziandikwe "hakuna safari".
3. Chomboni kuwe na maji ya kunywa ya ziada, taa, na simu mbili zenye chaji.
4. Kusi ikivuma kwa nguvu, safari za nje ya mlango husimama. Njia ya ndani ya mikoko ndiyo inayobaki.

*Dalili ya kufaulu:* safari ya tatu imerudi katika muda mlioutangaza, na mgeni ameuliza mwenyewe bei ya kurudi.

Hatua ya 4: Hesabu hadharani, kabla hazijaingia

Pesa ambazo bado hazijapatikana hugawanywa kwa amani. Zikishaingia, kila mtu ana deni nyumbani. Chukueni mfano huu wa tarakimu, kisha wekeni bei zenu.

Wageni sita, kila mmoja shilingi 2,500: jumla 15,000. Nahodha 2,000, baharia 1,000, mafuta 1,800, mwongozaji 1,500, na chakula cha mchana 600 kwa kila mgeni, yaani 3,600. Hizo ni 9,900. Kamisheni ya hoteli asilimia kumi ni 1,500. Zinabaki 3,600, nazo zigawanywe mafungu matatu ya 1,200: matengenezo, mfuko wa kijiji, akiba ya kikundi.

Fungu la matengenezo ndilo linaloliwa kwanza. Siku ya kwanza jeti ni mpya, choo kinang'aa, na mtu anasema fedha hii imelala bure. Msikubali. Mbao za maji ya chumvi hazichukui miaka mingi kuoza, na mfadhili aliyejenga hatarudi kukarabati. Iwekeni kwenye akaunti yake peke yake.

Kiingilio cha magofu au msitu kisichanganywe humo. Mgeni alipe moja kwa moja kwa wenyewe, na apewe risiti yao.

Mfuko wa kijiji uamuliwe na mkutano wa kijiji, si kamati ya utalii. Madawati, dawa za zahanati, mshahara wa mwalimu wa madrasa: wachague wao. Mvuvi ambaye hajawahi kumbeba mgeni akiona fungu hilo limefika shuleni kwa mwanawe, atakuwa wa kwanza kukemea anayemsumbua mgeni.

*Dalili ya kufaulu:* hesabu ya mwezi imebandikwa ukutani mahali watu wanapokunywa kahawa.

Hatua ya 5: Sasa nendeni hotelini

Msiende kuomba msaada. Nendeni na ratiba ya mwezi, bei, picha za chombo na jaketi, na matokeo ya safari tatu. Kisha mwalikeni meneja apande bure, na apike nanyi wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Meneja ana hofu tatu: mgeni aumie, mgeni acheleweshwe, mgeni akose choo safi. Mjibuni hizo tatu kabla hajauliza. Bima iko wapi, nahodha ni nani, choo kinasafishwa na nani na saa ngapi. Muonyesheni choo chenyewe. Nimeona makubaliano yaliyoshikwa na choo kimoja chenye sabuni na taulo.

Nanyi muombe haya, yaandikwe:

Idadi ya chini ya wageni kwa mwezi kuanzia Novemba hadi Machi. Malipo kila wiki, si mwisho wa msimu. Mwongozaji awe wa kijiji. Mtu mmoja hotelini wa kupigiwa simu, na mmoja kwenu. Hoteli ieleze wageni mavazi ya kijijini kabla hawajapanda, ingawa kanga zenu ziko chomboni kwa atakayesahau.

Onyo la kwanza: msifunge ndoa na hoteli moja. Ikitaka wageni wenu wote wapitie kwake, mpe msimu mmoja tu. Hoteli nyingi za Shela hufunga Mei na Juni, na hoteli huuzwa. Kijiji hakiuzwi.

Onyo la pili: manahodha na vijana wanaotafuta wageni pale ufukoni Amu na Shela msiwaruke. Hao ndio waliokuwa wakileta mgeni wakati hamna cha kumwonyesha. Wapeni kamisheni ile ile ya asilimia kumi, kwa risiti. Mkiwapita, kila mgeni atasikia njiani kwamba kijiji chenu kina ugomvi.

Hatua ya 6: Ndipo mwende serikalini, kwa kalenda yake

Kaunti haikosi nia njema tu. Mara nyingi inakosa fungu, kwa sababu ombi lilifika bajeti ikiwa imeshafungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka upelekwe bungeni mwa kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio kufikia Aprili 30. Basi ombi la jeti la mwezi wa Mei limechelewa kwa karibu mwaka mzima.

Fuateni hivi. Mwezi wa Julai, tafuteni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa kaunti, CIDP, wa 2023 hadi 2027, muone kama kitu chenu kimo hata kwa jina jingine. Kikiwemo, nukuuni ukurasa. Mwezi huo huo pelekeni ombi la ukurasa mmoja kwa ofisi ya utalii, nakala kwa msimamizi wa wadi na mwakilishi wa wadi. Pigieni muhuri nakala yenu. Bila muhuri, barua yenu haikufika.

Ombeni kitu kimoja. Ngazi za jeti, kwa mfano, zenye vipimo na makadirio ya fundi, na mstari huu: "Kikundi kitagharimia matengenezo kutoka mfuko wake, taarifa ya benki imeambatishwa." Afisa huona maombi mengi ya kujengewa. Ombi la mtu aliyekwisha kuweka akiba ya kutunza si la kawaida, na ndilo analoweza kulitetea mbele ya wakubwa wake.

Katika vikao vya maoni ya wananchi, pelekeni watu kumi, siyo mwenyekiti peke yake, na mama mmoja na baharia mmoja wazungumze. Maoni yaandikwe pia, yasibaki mdomoni.

*Dalili ya kufaulu:* mradi wenu unaonekana kwenye makadirio ya Aprili, ukiwa na wadi na kiasi. Ahadi jukwaani si dalili.

Hatua ya 7: Andikeni karatasi ya pande tatu

Ikizidi kurasa nne, haitasomwa. Iandikwe Kiswahili, na kama hoteli inataka Kiingereza, pande zote zikubaliane kwamba cha Kiswahili ndicho kinachotawala. Isomwe kwa sauti mkutanoni kabla ya saini.

Iwe na nani anafanya nini na lini; mgawo wa pesa wa Hatua ya 4; orodha mbili za Hatua ya 1; kanuni ya nahodha. Muda uwe mwaka mmoja, unaojadiliwa upya. Ugomvi uanze kwa wazee, uende kwa afisa wa utalii, na upatanishi ushindwe kwanza ndipo mtu ataje mahakama.

Na kipengele kimoja ambacho karibu kila kikundi hukisahau: wageni wakikatika ghafla. Mwaka 2011 na tena 2014, mashambulizi na tahadhari za usafiri za nchi za nje ziliwaondoa wageni Lamu katika muda mfupi mno, na waliodhurika kwanza ni wale wa kulipwa kwa siku. Andikeni kwamba hali hiyo ikitokea, kamisheni inashuka, akiba ya kikundi inawalipa nahodha na mwongozaji nusu kwa miezi mnayoiweza, na kaunti na hoteli zinawatangazia Wakenya wenzetu bei ya ndani. Ipangeni bei hiyo sasa, mkiwa mmetulia.

Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza

Kutaneni kila mwezi, saa moja tu: mtu wa kijiji, wa hoteli, wa kaunti. Ajenda ni tatu: safari ngapi, pesa ngapi, malalamiko gani. Asiyekuja mara mbili aandikiwe. Ramadhani ipangiwe ratiba yake mapema, safari fupi na bila chakula cha mchana kijijini.

Afisa akihamishwa, na atahamishwa, mpelekeeni mrithi wake faili lote wiki ya kwanza, na mumpandishe chomboni.

Hoteli zikifunga na kusi ikianza, vutieni chombo juu. Fungueni akaunti ya matengenezo mbele ya mkutano, mlipe fundi atie kalafati na apake shahamu, mbadilishe mbao za jeti zilizooza, mhesabu jaketi moja moja. Kisha mbandike risiti hizo ukutani, pale pale penye hesabu za kila mwezi.